Ndiyo Aliyosemewa Savai'i

Siku Précieuse alipogundua kwamba alishatoa ahadi ambayo mdomo wake haukuitamka, alikuwa dukani kwa Maman Bibiane akimchagulia mama mkwe wake mtarajiwa kitenge.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa kumi na moja jioni. Nje giza lilishaingia na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya barabara ya Chaussée de Wavre, Brussels, lakini watu hawakujali. Wanawake walipita na mifuko ya pondu, yale majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, na kila mlango uliofunguka ulitoa muziki wake.

"Huyu mama mukwe yako," Maman Bibiane aliuliza akikunjua kitambaa juu ya meza, "njo ule wa kule fasi jua inaanzia?"

"Njo yeye, maman."

"Bon. Anapenda rangi gani?"

"Bleu. Ya kanisa banavaa nyeupe, lakini kwa nyumba alikuwa navaa bleu kila siku."

"Alors, chukua hii. Ata mukwe mwenye roho mbaya, akivaa hii atakupenda."

Précieuse alicheka. "Ananipenda tayari."

Na alikuwa anasema kweli. Katika miaka yake thelathini na mitatu, hakuna aliyempokea kama mama wa Tavita, mchumba wake, alivyompokea. Ndipo simu ikalia mfukoni mwake. Ulikuwa ujumbe wa Sina, dada yake Tavita, umeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake picha: nguzo kumi na mbili za mti mpya zimesimama juu ya msingi wa mawe meusi, nyuma yake bahari.

"Dada yetu, tazama! Nguzo za nyumba yenu zimesimama. Wazee wanasema itaezekwa kabla ya Krismasi. Mama anauliza, mama yako atapenda kulala upande wa bahari au upande wa barabara?"

Précieuse aliusoma mara tatu. Kisha akaandika: "Nyumba ya nani?"

Jibu lilikuja upesi. Kule kulikuwa alfajiri ya Jumapili, na watu wa kule huamka kabla ya jua. "Yenu! Umesahau ulivyotufanya sote tulie siku ile?"

Précieuse akaandika tena. "Sina, nisaidie. Siku ile Tavita aliponinyooshea mkono mbele ya wazee, alisema nini hasa? Niandikie neno kwa neno."

Alisubiri. Maman Bibiane alikuwa akisema jambo kuhusu mtu wa kushona pindo, lakini sauti yake ilikuwa imekwenda mbali. Kisha maneno yakaingia.

"Alisema: Mwanamke huyu amekubali kwa hiari yake kuuacha mji wake. Atalala katika ardhi hii pamoja nami siku zote, na mama yake atamfuata. Nyumba ya baba yangu haitalala giza."

"Précieuse? Mutoto, uko sawa?"

"Niachiliye kidogo, maman. Nitarudia."

Akakiacha kitenge juu ya meza, akatoka mvuani bila kufunga koti.

*

Safari yenyewe ya kwenda Samoa ilikuwa ya mwezi wa tisa. Tavita alikuwa Msamoa, karani katika ofisi moja ya visiwa vya Pasifiki hapa Brussels. Walikutana kwenye nyumba ya wazee ambako Précieuse alifanya kazi ya kuuguza. Kulikuwa na padri mmoja Mbelgiji, mzee sana, aliyewahi kuhudumu Samoa miaka thelathini, na Tavita alikuwa akija kila Alhamisi kuzungumza naye lugha ile ili mzee asiisahau kabla ya kufa. Précieuse aliwakuta wakiimba, padri kitandani na yule jitu la mtu ameshikilia kikombe chake cha supu. Akampenda hapo hapo, ingawa alichukua miezi minne kukiri.

Walizungumza Kiingereza, kile ambacho Précieuse alikisomea Nairobi miaka ya ukimbizini. Wakachumbiana. Ndipo habari ikaja kwamba baba yake Tavita anaumwa, na ukoo umemchagua Tavita arithi jina la baba, awe matai, yaani mkuu wa ukoo.

"Ni jina tu," Tavita alimwambia. "Kama mtu anavyopewa shahada akaitundika ukutani. Twende wakuone, turudi, tuoane Pasaka."

Wakasafiri siku mbili angani, wakavuka kwa feri, wakafika katika wilaya ya pwani kusini mwa kisiwa cha Savai'i, ambako ufuko ni mwamba mweusi uliotapikwa na volkano zamani na mawimbi hupasuka juu yake kwa kishindo. Nyumba nyingi za pale hazikuwa na kuta. Ni paa na nguzo, na mpita njia anakuona unavyokula na unavyolala. Mbele ya nyumba walizikwa wazee wa nyumba hiyo, makaburi yamepakwa chokaa, na watoto walikaa juu yake wakila mashelisheli ya kuokwa bila mtu kuwakemea. Jioni kome kubwa la bahari lilipulizwa kama baragumu, na kijiji kizima kikanyamaza kwa sala. Mtu akipita mbele ya walioketi, aliinama na kuomba radhi kwa neno moja, *tulou*. Précieuse alilishika neno hilo siku ya kwanza, akalitumia mpaka wazee wakawa wanapita makusudi ili wamsikie.

Mama yake Tavita alimfundisha kukamua tui na kulifunga katika majani ya magimbi. Hawakuwa na lugha moja. Walionyeshana kwa mikono, wakacheka, na yule mama alipomkosoa alimpiga kidogo mgongoni, kama mtu anavyompiga mwanawe. Tangu alipotoka Uvira, Kongo, akiwa na miaka tisa, Précieuse hakuwa amejisikia mahali popote kwamba hapo ndipo kwao. Kule alijisikia. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa anasubiri kuulizwa.

Ikaja siku ya kuvikwa jina. Wazee waliketi kila mmoja kwenye nguzo yake. Tavita alikuwa kifua wazi, mwili unang'aa mafuta, kiunoni amefungwa nguo ya magome ya mti. Alipokwisha kupewa jina alisema maneno marefu, kisha akageuka akamnyooshea Précieuse mkono. Watu wote wakamtazama. Mama yake Tavita akaangua kilio cha furaha. Bibi wawili wakapiga mikeka kwa viganja vyao. Naye Précieuse, asiyeelewa neno, aliinama, akatabasamu, akapiga makofi.

"Umesema nini?" alimnong'oneza baadaye.

"Nimewashukuru kwa kukupokea," Tavita alijibu.

*

Kutoka Matonge, mtaa wa duka la Maman Bibiane, mpaka Etterbeek ni barabara ile ile moja, na Précieuse aliitembea yote kwa miguu, mabasi yakimpita. Alipofika mlangoni kwa Tavita nywele zake zilikuwa zinachuruzika.

Tavita alifungua. Alikuwa amevaa kikoi chake cha nyumbani, na chini soksi nene za sufu kwa ajili ya baridi, kitu ambacho siku zote kilimfanya Précieuse acheke. Leo hakucheka.

"Presi! Mbona umelowa hivi? Ngoja nikupe taulo."

"Sitaki taulo. Soma."

Akampa simu. Tavita alisoma akiwa amesimama, na Précieuse akamwona anavyoshuka mabega, taratibu, kama mtu anayetua mzigo alioubeba siku nyingi. Hilo lilimuuma kuliko kama angekana.

"Sina huyu..." alianza.

"Usimtaje Sina. Sina hajasema uongo."

"Keti kwanza, Presi."

"Nimeketi vya kutosha. Niliketi siku ile kwenye mkeka mpaka miguu ikafa ganzi, natabasamu kama mwehu. Nilikuuliza umesema nini. Leo nakuuliza tena."

Tavita aliiweka simu mezani. "Nilisema umekubali kuishi kule."

"Na mama yangu?"

"Na mama yako."

"Maman Euphrasie! Ambaye mpaka leo hajakukaribisha hata glasi ya maji. Umempangia na pa kulala."

"Wasingenipa jina, Presi. Si jina la kukaa nalo mbali, hili. Mwenye jina lazima alale katika ardhi ya baba. Wazee waliniuliza mbele ya watu wote: mwanamke wako atakaa? Ningesema nini? Ningesema sijui?"

"Ndiyo. Ungesema sijui. Ungesema sijamuuliza bado. Maneno matatu, Tavita."

"Baba alikuwa ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakutazama!"

Kwenye jiko, sufuria ya wali ilikuwa inachemka na kuinua kifuniko chake, na wote wawili hawakwenda kuizima.

"Uliniambia ni shahada ya kutundika ukutani," Précieuse alisema, sauti imeshuka.

"Nilitaka kukwambia ukweli. Kwenye feri nilitaka. Kwenye ndege nilitaka, ukawa umelala begani kwangu. Hapa mezani, kila Jumapili. Kila nikifungua mdomo naiona sura ya mama yako."

"Usimsingizie mama yangu woga wako."

"Ni woga, ndiyo." Akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliogopa utakataa. Una kazi yako, una mama mmoja, umeshakimbia nchi moja utotoni. Nani angekubali kuhama tena, aende mahali ambapo hata kununua chumvi atahitaji mkalimani? Nilijisemea, nitalimaliza la wazee kwanza, la Presi nitalimaliza polepole."

"Polepole mpaka lini? Mpaka nyumba iezekwe?"

Précieuse alivuta kiti akaketi, si kwa kutii, ila alikuwa ametembea mbali. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Unajua asubuhi zile tulipokuwa tunakamua tui na mama yako, nilikuwa nawaza nini? Ile zahanati ya wilaya. Nilipita pale na Sina, nikaona muuguzi mmoja na foleni mpaka barabarani. Nikawa nawaza, lugha nitaijua kwa miaka mingapi? Miwili? Mitatu? Kifaransa nilikijua kwa mwaka na nusu. Nikawa nawaza nitamwambiaje maman. Nilishapanga maneno yote. Kila tulipotembea ufukoni nilikuwa najisemea, leo ataniuliza."

Tavita alikuwa amesimama kama mti.

"Ungekubali?" aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Nilikuwa nakusubiri uniulize."

Akaja mbele yake, akapiga magoti, jitu zima, akaichukua mikono yake iliyolowa. Précieuse hakuivuta. Ile harufu yake, ya mafuta ya nazi na sabuni, ilimfikia, na kwa muda mfupi alitaka kuweka paji la uso wake begani pale na kusahau yote. Mwili hauna haya, unapenda hata pale moyo umepigwa kofi.

"Basi nakuuliza sasa," Tavita alisema. "Précieuse, utakuja kuishi nami kwa baba yangu?"

Angeweza kujibu. Jibu lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akaliuma.

"Wapigie simu kwanza."

"Nani?"

"Nyumbani. Waambie uliwadanganya. Waambie kwamba siku ile sikujua unachosema, wala hukuniuliza. Ukimaliza, niulize tena, nami nitakujibu."

"Leo Jumapili kule, Presi. Wanajiandaa kwenda kanisani."

"Vizuri. Watakuwa wote nyumbani."

Tavita aliinuka. Alizunguka meza, akazima jiko, akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika tano. Saa moja ya hapa ni saa moja ya kule, hii ya jioni na ile ya asubuhi. Mwishowe akachukua simu yake, akaisimamisha kwenye bakuli la matunda, akapiga.

Sina ndiye aliyepokea. Nyuma yake mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa kote, na jogoo alikuwa akiwika. Mama alikuja mbio kuketi mbele ya kioo, amevaa nyeupe na kofia ya majani, akampungia Précieuse mikono miwili. "Pelesi! Pelesi!" Hivyo ndivyo alivyolitamka jina lake. Nyuma kabisa, juu ya mkeka, baba mzee aliegemezwa kwenye nguzo, shuka limemfunika magoti.

Tavita akaanza kusema. Alisema kwa heshima, kichwa kimeinama, kwa lugha ile ambayo Précieuse alijua ndani yake neno moja tu. Alisema dakika mbili, labda tatu. Précieuse alikuwa anautazama uso wa mama. Aliuona unavyofunguka kwa kusikiliza, kisha unavyofungika. Mama alishika mdomo. Baba kule nyuma hakusogea. Basi, Précieuse alijiambia, amesema. Imemgharimu, lakini amesema. Na moyo wake ukamlainikia, akanyoosha mkono chini ya meza akakiweka kiganja chake juu ya goti la Tavita.

Kisha mama akamgeukia Précieuse, akamwambia maneno machache, moja kwa moja machoni. Hayakuwa maneno ya hasira. Yalikuwa na upole fulani uliomfanya Précieuse ashtuke, maana ulikuwa upole wa kumuaga mtu.

"Sina, mama anasema nini?"

Tavita akadakia, "Anasema asante kwa..."

"Nimemuuliza Sina."

Sina alisita. "Mama anasema hakulaumu. Anasema si kila mtu anaweza kuiacha Ulaya. Ila anasema, mtu akibadili nia, ni vizuri aseme mapema, kabla watu hawajakata miti ya nguzo."

"Nani amebadili nia?"

Sina akamtazama kaka yake, akamtazama Précieuse. "Tavita amesema... kwamba ulikubali, kisha ulipofika huko umekataa."

Précieuse aliondoa mkono wake gotini. Aliuondoa polepole, kidole kwa kidole.

"Sina, mwambie mama hivi. Sikuwahi kuulizwa. Mwambie siku ile nilipiga makofi kwa sababu sikuelewa."

"Presi, tafadhali," Tavita alisema chini ya pumzi. "Baba ameketi pale. Jina halijamaliza hata miezi miwili."

Sina alielewa. Précieuse aliona anavyoelewa. Yule binti aligeuka akamtazama baba yake kwenye nguzo, akamtazama mama aliyekuwa anafuta macho kwa ncha ya nguo yake nyeupe, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa umefungwa kama wa mtu mzima.

"Kengele ya kanisa inalia," alisema, bila kumtafsiria mama neno. "Tutaongea, dada."

Kioo kikawa cheusi.

Wa kwanza kusema alikuwa Tavita. "Nitawaambia. Baba akipata nafuu. Mbele ya baba sikuweza, Presi. Nipe muda."

"Kule ulinisemea ndiyo," Précieuse alisema. "Hapa umenisemea hapana. Tangu unijue, mimi mwenyewe nimesema nini?"

"Presi..."

"Na ujue jambo moja, si kwa kukuumiza, ila ulijue. Jibu nilikuwa nalo tayari. Ungewaambia ukweli leo, ningekupa."

"Lilikuwa jibu gani?"

Alisimama, akafunga koti lake vifungo vyote, cha chini mpaka cha juu. Tavita alisimama pia lakini hakuthubutu kumshika.

"Lilikuwa ndiyo," alisema, akatoka.

Kwenye ngazi alisikia mlango ukifunguliwa tena na jina lake likiitwa, mara moja, mara mbili. Hakugeuka. Alijua akigeuka atarudi, na akirudi atakaa maisha yake yote akijiuliza kila wanapocheka wale watu wazuri wa pwani, wanacheka kwa sababu ya maneno gani aliyosemewa.

*

Alipanda tramu mpaka Saint-Gilles. Mama yake, Maman Euphrasie, aliishi naye ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na saa mbili ile alikuwa jikoni anachambua maharagwe ya kesho.

Huyu mama alikuwa amempinga Tavita tangu siku ya kwanza. Hakuwa na ubaya wa kumtajia. Alisema tu kwamba muntu wa mu mayi anarudia mu mayi, yaani wa majini hurudi majini, na kwamba Mungu hakumtoa yeye vitani amlete hapa ili akamzike binti yake wa pekee katikati ya bahari. Tavita alipokuja kumsalimia, alimwitikia huku anaangalia televisheni.

"Umelowa," alisema bila kuinua kichwa. "Na chakula umekula?"

"Maman, imekwisha."

"Nini imekwisha?"

"Mimi na Tavita."

Mikono ya Maman Euphrasie ilisimama juu ya sinia. Kisha akaiinua yote miwili juu. "Eeh Yesu! Wewe njo Mungu! Nilifunga siku saba, wewe ulijua! Leta téléphone, niite maman Rolande, niite ba maman yote ya sala..."

"Maman, weka téléphone chini."

"Wacha nimushukuru Mungu, mutoto!"

"Usimushukuru juu yangu. Si wewe njo umenibakisha." Précieuse alikuwa bado amesimama mlangoni na koti lake. "Angeniuliza, ningeenda. Unanisikia? Ningekuacha hapa na televisheni yako, na ningeenda."

Alijua anamuumiza. Alitaka mtu mmoja zaidi aumie jioni ile, na aliyekuwa karibu alikuwa mama yake.

Maman Euphrasie aliiweka simu mezani. Hakulia, wala hakufoka. Aliliokota haragwe moja bovu, akalitupa pembeni.

"Hakukuuliza?"

"Hapana. Alibaambia bazee yake mimi nimekubali. Na wewe pia umekubali. Balikuwa najenga nyumba."

"Donc alisema fasi yako."

"Alisema fasi yangu."

Mama akaendelea kuchambua. Mvua ilisikika kwenye bati la dirisha. Aliponena tena, alinena kwa sauti ambayo Précieuse hakuwahi kuisikia, sauti ya msichana.

"Siku tulitoka Uvira, papa yako alikuya na camion. Akaniambia, Euphrasie, panda. Nikamuambia, mama yangu iko ku shamba, bado sijamuaga. Akasema, nimetoka kule, nimesema naye, amekubali tuende, anakuya kisha. Bon, nikapanda. Wewe ulikuwa ku magoti yangu."

"Na koko, mama yako, alikubali?"

"Papa yako hakufika ku shamba. Nilijua myaka mbili kisha, ku Nairobi, muntu mumoja wa kwetu njo aliniambia. Mama yangu alirudia na kuni yake jioni, akakuta nyumba wazi. Alituita mpaka sauti ikaisha."

Précieuse alivuta kiti. Baba yake, Papa Josias, alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, hapa hapa Brussels, na mazishini wote walimsifu Maman Euphrasie kwa ndoa ya amani. Katika maisha yake yote Précieuse hakuwahi kuwasikia wawili hao wakigombana.

"Na ulimuambia kama umejua?"

"Nilimuambia. Akasema, ningekuambia ukweli ungekataa, na tungekufa bote. Pengine ilikuwa kweli. Njo ile mubaya, Précieuse. Pengine alikuwa na haki."

"Na ulimusamehe?"

Maman Euphrasie aliyasukuma maharagwe mazuri upande mmoja wa sinia kwa ubavu wa kiganja.

"Alikufa bado sijamaliza kumukasirikia," alisema. "Vua koti. Utagonjwa."